Mbegu ya kustahimili chumvi imeshika vizuri shambani, mbona masuke yametoka mapepe?

Swali nililoletewa, nalifupisha: ndugu yetu alipanda mpunga wa mbegu inayosemwa inastahimili chumvi. Miche ikashika vizuri kabisa, wakati mbegu ya kawaida aliyoipanda pembeni ilikauka karibu yote. Akajua mambo yamekaa sawa. Masuke yalipotoka akakuta zaidi ya nusu ni mapepe matupu. Anauliza hiyo jeni ya chumvi inafanya nini hasa ndani ya mmea, na je imeshindwa kazi au aliuziwa mbegu feki.

Ndugu yangu, pole sana kwanza, najua uchungu wa kuhudumia shamba mpaka masuke yanatoka halafu unaminya punje haina kitu ndani. Kwa maelezo yako sidhani kama mbegu ni feki, kwasababu ingekuwa feki ingekauka wiki zile zile za mwanzo pamoja na hiyo ya kawaida. Ninachokiona ni kwamba jeni iliyomo kwenye mbegu yako imefanya kazi yake, ila kazi yake ni ya utotoni mwa mmea, na mpunga ukishabeba mimba (suke linapojitengeneza ndani ya shina) unahitaji msaada wa jeni zingine ambazo inawezekana kabisa mbegu yako haina. Sasa ili hili likae vizuri inabidi nianzie mbali kidogo, nivumilie.

Watu wengi wanadhani kuna jeni moja ya chumvi ambayo mpunga fulani unayo na mwingine hauna. Haiko hivyo. Mpunga una jeni karibu 40,000 zimekaa kwenye kromosomu 12, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, na zile zinazohusika na chumvi karibu zote zipo kwenye kila mpunga, hata ule unaokufa kwa chumvi kidogo tu. Tofauti iko kwenye namna jeni hiyo ilivyoandikwa, inawashwa kwa nguvu kiasi gani, inawashwa sehemu gani ya mmea, na inawashwa lini. Hayo mawili ya mwisho, wapi na lini, ndo yaliyokupata wewe.

Chumvi yenyewe inaumiza mpunga kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji: chumvi inashikilia maji kwenye udongo mpaka mzizi unashindwa kuyavuta, kwahiyo mmea umesimama kwenye tope lakini una kiu, majani yanajikunja na ukuaji unapungua ndani ya muda mfupi sana. Ya pili ni sumu ya sodiamu yenyewe, hii inakuja taratibu, siku hadi wiki, sodiamu inapanda na maji mpaka kwenye majani na kuanza kukaa nafasi ya potasiamu. Na potasiamu sio kitu cha mchezo, kuna vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za seli) zaidi ya 50 vinavyoitegemea, kazi ya kutengeneza protini nayo inaitegemea, sasa sodiamu inafanana nayo kiasi cha kuingia kwenye nafasi yake lakini haiwezi kazi yake. Ndo unaona ncha za majani zinakuwa nyeupe, halafu kahawia, halafu jani zima linakwenda, kuanzia yale ya chini.

Na mpunga ni kati ya nafaka kubwa zilizo dhaifu kwa chumvi. Shayiri inafika kipimo cha EC (kinachoonyesha wingi wa chumvi kwenye udongo au maji) cha 8 kabla haijaanza kupoteza mavuno, ngano 6, mpunga unaanza kupoteza ukivuka 3 tu, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka hapo kinakula kama asilimia 12 ya mavuno. Piga hesabu, udongo ukiwa 6 umeshapoteza zaidi ya theluthi. (Hizi ni desisimensi kwa mita, ndo kipimo wanachokuandikia maabara. Maji ya bahari ni kama 50.)

Kwenye tatizo la kwanza, la kiu, jeni zinazosaidia ni zile zinazotengeneza vitu vya kuyeyuka ndani ya seli, kama prolini na sukari fulani fulani, ili seli nayo iwe na nguvu ya kuvuta maji. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani waliweka kwenye mpunga jeni mbili za bakteria zinazotengeneza sukari inaitwa trehalosi, na mpunga ule ukavumilia chumvi na ukame vizuri kuliko wenzake. Sitakaa sana hapa kwasababu kwa mpunga kesi kubwa ni ile ya sodiamu.

Sodiamu inaingiaje? Mzizi wa mpunga una ukanda wa kuzuia vitu visipite ovyo kati ya seli na seli, ila kwenye mpunga ukanda huo una mapengo, hasa pale mizizi midogo ya pembeni inapochomoza kutoka mzizi mkubwa. Maji ya chumvi yanapenya hapo hapo bila kukaguliwa na seli yoyote na yanaingia moja kwa moja kwenye mirija inayopeleka maji juu. Kwahiyo jua likiwa kali na upepo mkavu, majani yanapoteza maji mengi, mmea unavuta zaidi na sodiamu inapanda zaidi, udongo ni ule ule. Shika hilo, nitalirudia. (Silikoni inasaidia kuziba mapengo hayo, hilo limepimwa na linaonekana wazi, na mpunga ni mmea unaopenda silikoni kuliko karibu mimea yote tunayolima.)

Sasa tunafika kwenye jeni ambayo naipenda kuliko zote kwenye habari hii. Kuna mpunga wa asili wa India unaitwa Nona Bokra, unavumilia chumvi sana. Watafiti wa China waliuzalisha na Koshihikari, mpunga wa Japani ambao ni mtamu lakini dhaifu kwa chumvi, wakafuatilia vizazi mpaka wakabana sehemu ndogo kabisa ya kromosomu ya 1, na mwaka 2005 wakatangaza jeni waliyoiita SKC1, ambayo kwa jina lingine ni OsHKT1;5. Jeni hii inatengeneza protini inayokaa kwenye ngozi ya seli zinazozunguka ile mirija ya maji. Kazi yake ni kuchomoa sodiamu kutoka kwenye maji yanayopanda na kuiingiza kwenye hizo seli za pembeni kabla haijafika jani. Yaani sodiamu imeshaingia kwenye mzizi, imeshapenya, lakini inadakwa njiani. Na cha kushangaza, protini ya Nona Bokra na ya Koshihikari zimetofautiana kwa asidi amino (matofali ya kujengea protini) 4 tu, basi, na hizo 4 zinatosha mmoja abaki kijani mwingine akauke. Koshihikari anayo jeni, ila ya kwake inachomoa taratibu.

Sehemu hiyo hiyo ya kromosomu ya 1 ndo ilikuja kujulikana pia kutoka mpunga mwingine wa India, Pokkali wa Kerala, unaolimwa kwenye mashamba ya pwani yanayoingiwa na maji ya bahari. Kwa Pokkali wakaiita Saltol. Taasisi ya kimataifa ya mpunga IRRI, kule Ufilipino, waliuzalisha Pokkali na IR29 ambao ni dhaifu, wakapata uzao mmoja unaitwa FL478, mfupi, unaiva mapema, na umebeba Saltol. Mbegu nyingi za kustahimili chumvi zinazozungumzwa leo zina damu ya FL478 au ndugu zake, na kwa dalili ulizoniandikia sitashangaa ya kwako ikiwa mojawapo.

Ila kuchomoa njiani peke yake hakutoshi, kuna jeni zingine zinafanya kazi pembeni yake. Kundi linaloitwa SOS, lililogunduliwa kwanza kwenye mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, lipo kwenye mpunga pia. Chumvi ikigusa mzizi kalisiamu inapanda ndani ya seli, protini moja inaihisi, inaamsha ya pili, ya pili inawasha pampu ya SOS1 ambayo inarudisha sodiamu nje. Kazi nzuri lakini ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi unaovuja, unapona ila unachoka, kwasababu pampu inakula nguvu ambayo ingeenda kwenye kukua. Halafu kuna NHX1, hii haitupi sodiamu nje, inaifungia ndani ya vakuoli, lile ghala kubwa katikati ya seli, isiguse mitambo ya seli. Sodiamu ikishafungiwa humo inasaidia hata kuvuta maji, kwahiyo ile sumu inapunguza kiu.

Na kuna mgawanyo wa kijanja ndani ya mmea mzima. Ukichukua mpunga unaovumilia ukapima sodiamu jani kwa jani, utakuta majani ya zamani yamejazwa, majani machanga yana kidogo, na kwenye jani moja ile ala inayokumbatia shina ina sodiamu nyingi kuliko bapa la jani lenyewe. Mmea unaamua nani afe ili nani apone. Kwahiyo ukiona majani ya chini yamekauka na ya juu ni kijani usikimbilie kusema mbegu mbaya, hiyo ni kazi inafanyika.

Sasa turudi kwenye mapepe yako. Mpunga hauna udhaifu ule ule maisha yake yote. Unaota vizuri tu kwenye chumvi ya wastani, halafu unakuwa dhaifu sana ukiwa mche wa majani mawili matatu, halafu unakaza wakati wa kuchipua machipukizi, halafu unadhoofika tena kuanzia suke linapoanza kujitengeneza ndani ya shina mpaka kuchanua, halafu mwisho kwenye kuiva unakaza tena. Madirisha mawili ya udhaifu hayo. Na kitu ambacho wafanyabiashara wa mbegu hawasemi, labda na wao hawajaambiwa, ni kwamba ustahimilivu wa dirisha la kwanza na wa dirisha la pili haviendi pamoja, jeni zinazobeba moja kwa sehemu kubwa sio zinazobeba lingine. Saltol ilitafutwa na kupimwa kwenye miche. Kwenye kuchanua mchango wake ni mdogo.

Mfano ulioandikwa wazi kabisa ni BRRI dhan47 ya Bangladesh iliyotolewa mwaka 2007. Wenyewe walioizalisha wanasema inavumilia EC 12 mpaka 14 ikiwa mche, na kama 6 kwa maisha yake yaliyobaki. Nusu! Mbegu moja, jeni zile zile. Mkulima akisikia ile namba ya kwanza peke yake akaipanda kwenye 10, itashika vizuri sana, na atavuna mapepe.

Kinachotokea ndani ya suke ni hiki. Siku za kubeba mimba chavua inajitengeneza, inahitaji sukari nyingi ili ijaze wanga. Sodiamu ikifika kwenye jani la bendera, lile la mwisho linalolisha suke, linapunguza kutengeneza sukari, na sodiamu nyingine inaingia kwenye suke lenyewe. Chavua inakosa chakula, inakuwa kavu, haiwezi kurutubisha, na punje isiporutubishwa maganda yanabaki matupu. Msimu ujao unaweza kuliona kwa macho yako: chukua suke asubuhi kabla maua hayajafunguka, mpunga unafunguka kama saa 3 mpaka saa 5, pasua ganda moja kwa ncha ya sindano, ndani kuna vifuko 6 vya chavua. Vikiwa vya njano na vimenona ni vizima. Vikiwa vyeupe, vyembamba, vimesinyaa, hiyo punje ni pepe tayari hata kama suke kwa nje linapendeza. Mwenye darubini akivipondaponda kwenye tone la iodini ataona chavua nzima inageuka bluu nyeusi kwasababu ya wanga, na iliyokufa inabaki ya rangi hafifu.

Jeni za dirisha hili zinaanza kujulikana. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba ndugu wa SKC1 anayeitwa OsHKT1;4 anafanya kazi kwenye shina wakati wa uzazi, anabakisha sodiamu kwenye shina isifike kwenye majani ya juu, na ukimpunguza nguvu sodiamu kwenye majani inapanda. Na 2017 ikaonekana SKC1 yenyewe nayo inalinda viungo vya uzazi kwa kiasi fulani, hivyo Saltol sio kwamba haina maana yoyote hapo, ila peke yake haibebi mzigo wote. Na lile la jua na upepo mkavu nililosema ushike: kama mpunga wako ulichanua mvua zimekata, maji shambani yamepungua, chumvi imejikusanya juu na majani yanavuta kwa nguvu, basi jeni zilizotosha utotoni zilikutana na mzigo mara mbili.

Utaniuliza, kwanini wasiweke jeni zote kwenye mbegu moja? Wanajaribu, na ndo njia ninayoiamini mimi kuliko kutafuta jeni moja ya maajabu. Shida ni kwamba jeni haihami peke yake. Pokkali ni mrefu, unaanguka, na mchele wake ni mwekundu na mnene. Ukiuzalisha na mbegu yako unachukua nusu ya Pokkali nzima, inabidi urudishe kwa mbegu yako tena na tena, robo, thumni, na kila mara unachagua miche iliyobeba kile kipande unachokitaka. Zamani ilibidi uwatie chumvi wote uone nani anapona, siku hizi wanakata kipande kidogo cha jani wanasoma vinasaba, mche mmoja mmoja, ndo maana kazi imefupika sana. Lakini kila jeni unayoongeza inaongeza idadi ya miche ya kuchuja, na jeni za dirisha la pili hazijabanwa vizuri kama Saltol, kwasababu kumtia chumvi mmea mkubwa siku zile zile za mimba, mmoja mmoja kwa tarehe yake, ni kazi ngumu mno kuliko kutia chumvi trei ya miche.

Kuna njia nyingine, ya kuzima jeni badala ya kuongeza. Japani baada ya tsunami ya 2011 kufunika mashamba kwa maji ya bahari, watafiti walichukua mbegu zilizobadilishwa kwa kemikali za mpunga wao Hitomebore, wakapata mmoja unaovumilia, na kosa likakutwa kwenye jeni moja, OsRR22, inayohusika na ujumbe wa homoni. Imeharibika, na mmea ukawa mgumu zaidi kwa chumvi. Wakaita mpunga huo Kaijin, umepishana na Hitomebore kwa herufi za vinasaba 201 tu kati ya karibu milioni 390, na walimaliza kazi ndani ya miaka 2. Baadae wengine wameizima jeni hiyo hiyo kwa CRISPR, mkasi wa maabara wa kukata jeni, wakapata jibu linalofanana. Hilo linanipa moyo kwelikweli. Ila kwa jeni nyingi zilizowekwa au kuzimwa maabara nakuomba uangalie swali moja tu: walivuna? Majaribio mengi mno yanaishia kwenye mche wa wiki chache ndani ya maji ya chumvi, picha mbili, mmoja kijani mmoja mkavu, na hapo suke bado.

Vivyo hivyo ule "mpunga wa bahari" wa China ambao habari zake zinasambazwa sana. Haumwagiliwi maji ya bahari kama yalivyo, bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, wao wanafanya kazi kwenye kama gramu 3 mpaka 6. Ni mafanikio makubwa, lakini mtu asije akafungulia shamba lake bahari.

Kitu kingine, hakikisha tatizo lako ni chumvi na sio magadi, manake watu wanavichanganya. Udongo wa magadi pH yake inavuka 8.5, ukilowa unateleza na haupitishi maji, ukikauka unakuwa jiwe, na jeni zake ni zingine. Mwaka 2023 ilitangazwa moja inaitwa AT1, ikizimwa mpunga unavumilia magadi vizuri zaidi, na hiyo walivuna shambani kabisa. Magadi yanatibiwa kwa jasi halafu unasafisha na maji. Chumvi ya kawaida jasi haikusaidii, inataka maji mengi yasiyo na chumvi na mfereji wa kuyatoa.

Kwa msimu ujao, pima EC ya udongo na ya maji mara mbili, wakati wa kupandikiza na wakati mpunga unabeba mimba, hiyo ya pili ndo itakuambia ukweli. Sogeza tarehe ya kupanda ili kuchanua kuangukie kipindi ambacho maji yapo mengi. Pandikiza miche iliyokomaa kidogo, ya mwezi hivi, badala ya michanga. Kuanzia mimba mpaka kuchanua usiruhusu shamba likauke hata siku moja, na potasiamu usiiache. Na anayekuuzia mbegu muulize imepimwa kwenye EC ngapi ikiwa mche, na ngapi ikiwa inachanua, asipokuwa na namba ya pili chukulia ni nusu ya ile ya kwanza.

Na usichague mbegu kutoka kwenye mashina machache yaliyojaa vizuri ukidhani hayo ndo yana jeni bora. Mpunga unajichavusha wenyewe, mbegu yako kama ilikuwa safi basi mashina yote yana jeni zile zile, lenye punje na lenye mapepe. Chumvi shambani haikai sawa, hatua mbili tu kipimo kinabadilika. Chota udongo chini ya shina lililojaa na chini ya lenye mapepe, uvipime tofauti, nadhani utakuta ndipo tofauti ilipo.